Nimeshindwa kwa Nini? Gemu Ninazozipenda na Nisizozipenda

Hotuba kwa vijana na wenye vibanda vya gemu, Kampala. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu mliokuja, akina mama, wenye vibanda kutoka Katwe, Bwaise na Ndeeba, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, hamjambo?

Mmeniomba niseme gemu ninazozipenda na nisizozipenda, nami nitazitaja kwa majina. Najua wapo watakaokasirika, hasa tukifika kwenye mpira. Sawa, tutabishana baadaye. Kabla ya majina, mjue kwanza kipimo changu. Sipimi gemu kwa uzuri wa picha. Sipimi kwa nakala zilizouzwa. Napima kwa swali moja, na ni swali la mtu aliyeshindwa: nimeshindwa kwa nini?

Gemu nzuri inakujibu swali hilo. Inakujibu kwa ukweli, inakujibu papo hapo, na jibu lake unaweza kulifanyia kazi raundi inayofuata. Gemu mbaya inanyamaza, au inakudanganya, au inakuonyesha mahali pa kulipia.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote: Tekken 3, gemu ya kupigana ya watu wawili. Kampuni ya Namco iliitoa kwenye mashine za sarafu mwaka 1997, ikaingia kwenye PlayStation mwaka 1998. Ni ya zamani sana, na bado ukiingia kwenye kibanda chenye mashine kuukuu utaikuta. Kwa nini haifi?

Shikeni padi, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, mawazoni. Vitufe vinne, viungo vinne. Mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ni ngumi ya kulia, msalaba ni teke la kushoto, duara ni teke la kulia. Mtoto wa miaka saba anaelewa kwa dakika moja. Kisha kuna ngazi tatu za mapigo: juu, katikati, chini. Pigo la juu humpita aliyechuchumaa. Pigo la katikati humpata aliyechuchumaa. Pigo la chini humpata aliyesimama akijikinga. Ukishika mshale wa nyuma unakinga juu na katikati. Ukishika chini na nyuma pamoja unakinga chini. Basi. Hakuna mkao mmoja unaokinga yote, na hapo ndipo utamu wote ulipo, kwa sababu kila mara lazima usome nia ya mwenzako.

Sasa, nani hapa hajawahi kushindwa na mtu anayemtumia Eddy Gordo?

Naona hakuna mkono uliopanda. Eddy ndiye yule Mbrazili wa capoeira aliyeingia kwa mara ya kwanza katika Tekken 3. Mtu asiyejua chochote anamchagua, anafinya vitufe viwili vya mateke bila kupumzika, na anamwangusha fundi aliyelipa shilingi mia tano zake kwa heshima. Vibanda vingine vimempiga marufuku kabisa. Mimi nasema wenye vibanda msimpige marufuku, kwa sababu Eddy ndiye mwalimu bora mliye naye. Mnashindwa naye kwa nini? Kwa sababu mnasimama. Mateke yake mengi yanafagia chini, na mtu aliyesimama akishika nyuma hajikingi chochote huko chini. Mwacheni aanze, chuchumaeni huku mmeshika nyuma, likingeni teke la chini, na hapo atabaki wazi kwa muda mfupi sana. Muda huo ndio wa kuinuka na pigo la katikati. Akiwa amesimama kwa mikono miguu juu, msimfuate. Pigeni hatua ya pembeni, kwa sababu Tekken 3 ndiyo iliyoifanya hatua ya pembeni kuwa silaha ya kila mpiganaji.

Lakini msichuchumae siku nzima! Anayechuchumaa siku nzima atakutana na Paul Phoenix. Chini, chini na mbele, mbele, kisha pembetatu: ngumi moja ya katikati inayokula sehemu kubwa ya uhai. Ukiona unapigwa nayo mara kwa mara, jibu liko wazi: ulikuwa umekaa chini wakati wa kusimama. Ukiikinga, Paul anachelewa kurudi mahali pake, na zamu inakuwa yako. Mnaona? Kila kipigo kina sababu, kila sababu ina dawa, na dawa zote ziko ndani ya diski uliyokwisha kununua. Hakuna anayeuza dawa nje.

Gemu ya pili ni Tetris. Ndiyo, Tetris ya matofali yanayoanguka, ambayo mstari ukijaa unafutika. Vijana mnaguna, lakini nisikilizeni.

Aleksei Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984 akiwa mtafiti wa Chuo cha Sayansi cha Kisovieti. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha hata moja, kwa hiyo matofali ya kwanza yalikuwa mabano tu yaliyopangwa kwenye kioo. Maumbo saba, kila moja la miraba minne, na shimo lenye upana wa miraba 10 na kina cha 20. Hakuna kilichofichwa. Ukishindwa, makosa yako yote yamelala mbele ya macho yako, tofali juu ya tofali, na unaweza kunyoosha kidole useme: pale, lile shimo nililolifunika, ndilo lililoniua.

Wengi wanacheza Tetris vibaya kwa sababu wanaharakisha kufuta mstari mmoja mmoja. Tazameni hesabu ya toleo la Nintendo kwenye ngazi ya kuanzia: mstari mmoja alama 40, miwili 100, mitatu 300, minne kwa pigo moja alama 1,200. Ukifuta mmoja mmoja mara nne unapata 160. Ukingoja na kufuta minne pamoja unapata 1,200. Kwa hiyo acha safu moja ya ukingoni wazi, jaza nyingine tisa, weka juu pawe tambarare, kisha ngoja lile umbo refu. Hatari ni kwamba katika toleo hilo la zamani umbo refu linaweza kukawia sana. Matoleo mengi mapya huchanganya maumbo saba kama kwenye mfuko na kuyatoa yote kabla ya kuanza upya, hivyo kati ya refu moja na jingine hayapiti zaidi ya 12. Jua unacheza toleo gani kabla ya kuamua utangoja mpaka lini.

Na sasa kisa kinachonifanya niiheshimu gemu hii. Kwenye Nintendo, ukifika ngazi ya 29, tofali linaanguka kutoka juu mpaka chini kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Ukishikilia mshale, mashine inalisogeza mara kumi tu kwa sekunde, kwa hiyo linatua kabla halijafika ukingoni. Miaka mingi watu walisema: hapo ndipo mwisho. Wachezaji hawakukubali. Waliuliza, tunashindwa kwa nini? Jibu: kidole gumba ni kizito. Wakaanza kuutetemesha mkono ili wabonyeze haraka zaidi. Halafu ikaja mbinu nyingine kabisa: gumba linatulia juu ya kitufe, na vidole vya mkono wa pili vinapiga ngoma mgongoni mwa padi, kimoja baada ya kingine, kila kidole kikiisukuma padi ikutane na gumba. Tarehe 21 Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, alifika ngazi ya 157 na gemu ikaganda. Mashine ndiyo iliyochoka. Toleo lile lilitoka mwaka 1989, ndugu zangu. Miaka 34 gemu ileile ilikuwa bado inajibu swali.

Sasa tugeuke upande wa pili.

Naanza na gemu ambayo najua mnaipenda, na mimi pia ninaipenda, lakini ina dhambi moja ambayo siisamehi: Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Miji mitatu mizima ndani ya DVD moja, kazi ya ajabu. Lakini mnaikumbuka misheni ya treni? Unaendesha pikipiki kando ya reli, mwenzako Big Smoke amekaa nyuma yako na bunduki, na juu ya mabehewa wamesimama maadui. Unashindwa, kisha Smoke anakulaumu kwamba kazi yako ilikuwa moja tu, kuifuata treni.

Uongo! Wengi wanashindwa kwa sababu wameifuata mno. Wanaibana treni, pikipiki inagusa mabehewa karibu, na Smoke hawezi kulenga juu kwa sababu ukuta wa behewa umemziba. Dawa ni kukaa mbali. Hamia upande wa kulia mapema, uache nafasi kubwa kati yako na treni, enda sambamba na watu wanaopaswa kupigwa, usiwapite wala usibaki nyuma, kisha mwache Smoke afanye kazi yake. Ukifanya hivyo misheni inaisha kwa urahisi. Lakini gemu yenyewe haikukuambia. Ilikuambia kinyume, na ikakuambia kwa dharau. Vijana wangapi wameweka padi chini wakiamini kwamba wao ni wazembe, kumbe wamefuata maelekezo? Kudanganywa namna hiyo kunaniuma kuliko ugumu wenyewe.

Lakini huo ni uongo wa bahati mbaya. Nije kwenye uongo wa makusudi, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini: pakiti na masanduku ya bahati, yaani vifurushi unavyonunua bila kujua kilichomo.

Novemba 2017 kampuni ya EA ilikuwa inakaribia kutoa Star Wars Battlefront II. Mtu amenunua gemu kwa bei kamili, anaifungua, na anakuta Darth Vader, mhusika maarufu kuliko wote, amefungwa kwa pointi 60,000. Wachezaji wakapiga hesabu: karibu saa 40 za kucheza ili kumpata mhusika mmoja, au ununue masanduku kwa pesa. Kampuni ikajibu mtandaoni kwamba nia ni mchezaji apate fahari ya kufanikiwa. Jibu hilo lilikataliwa kwa kura zaidi ya laki sita. Wakapunguza bei ya wahusika kwa asilimia 75, kisha, siku moja kabla gemu haijatoka rasmi, wakazima ununuzi wote wa pesa. Kelele za wachezaji ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Lakini mfumo wenyewe haukufa. Uko hai kwenye mpira, katika Ultimate Team, sehemu ya ile gemu ya EA iliyokuwa FIFA na tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC. Unanunua pakiti ya wachezaji, hujui atatoka nani. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme nafasi ya kumpata mchezaji unayemtaka ni asilimia moja kwa kila pakiti. Ukifungua pakiti 100, je, utampata? Wengi wanasema ndiyo. Jibu sahihi: katika watu 100 watakaofungua pakiti 100 kila mmoja, kama 37 wataondoka bila yeye. Ili nafasi yako ifike asilimia 90 unahitaji pakiti 230. Na hata ukimpata, toleo la mwaka ujao likitoka unaanza upya, kikosi chako hakihamii huko.

Nimeshindwa kwa nini? Gemu inajibu: kwa sababu hukununua vya kutosha. Ndugu zangu, hilo si jibu.

Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku hayo ni kamari kwa mujibu wa sheria yao, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA wakaacha kuuza pointi za pakiti nchini humo. Uholanzi walijaribu kutoza faini ya yuro milioni 10, lakini mahakama ikaifuta mwaka 2022. Kwa hiyo sheria bado inavutana, na huku kwetu mtoto mwenye simu ya mama na namba yake ya siri ya pesa za simu anaweza kufungua pakiti usiku kucha. Wazazi, badilisheni namba hiyo ya siri leo. Sizungumzii kesho.

Wazee waliocheza omweso, bao letu la hapa Uganda, wanajua ninachosema. Mashimo 32, kete 64, zote ziko wazi machoni. Ukifungwa, umefungwa na hesabu ya mwenzako. Hakuna aliyewahi kukuuzia kete ya ziada iliyofungwa kwenye karatasi.

Gemu za simu zinazokufungia mlango nitazipita haraka. Candy Crush Saga inakupa uhai tano, kila mmoja unarudi baada ya dakika 30, kwa hiyo ukimaliza zote unangoja saa mbili na nusu au unalipa. Peremende zinazoanguka ni za bahati, na mara nyingi huwezi kusema ulikosea wapi. Sina zaidi ya hapo.

Kuna jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa London: gemu inayodai intaneti hata unapocheza peke yako. Machi 2022 Gran Turismo 7, gemu nzuri sana ya magari, ilizimika kwa zaidi ya saa 30 kwa sababu seva, zile kompyuta za kampuni, zilikuwa kwenye matengenezo. Mtu ana diski yake, ana gari lake, anataka kukimbia peke yake dhidi ya kompyuta, lakini sehemu kubwa ya gemu imefungwa. Watengenezaji waliomba radhi na kuwapa wachezaji pointi milioni moja. Sasa jiulizeni, Januari 2021 intaneti ilipozimwa hapa Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, ni gemu gani ziliendelea kufanya kazi vibandani? Zile za diski. PlayStation 2 haikumuuliza mtu bando.

Wenye vibanda, hilo liandikeni. Kabla ya kununua gemu, zimeni intaneti kwenye mashine mliyoazima na jaribuni kuifungua. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, kumbukeni kwamba memori kadi ya PS2 ya megabaiti 8 inaweza kuharibika umeme ukikatika wakati inaandika. Nunueni ya pili, nakilini kila wiki, na msihifadhi kitu taa zikianza kufifia.

Nimeahidi mpira. Haya. Kwangu mimi gemu bora ya mpira ni Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, na nasema hivyo nikijua kwamba Liverpool humo wanaitwa Merseyside Red na Chelsea ni London FC. Leseni za kutumia majina ya timu hizo hazikuwepo, lakini sehemu ya kuhariri ilikuwepo, ukabadilisha majina mwenyewe bila kulipa. Na ikikufunga unajua sababu. Ukishikilia R1, kitufe cha mbio, muda wote, mpira unakwenda mbali na mguu na beki anauchukua. Ukijaza kipimo cha shuti, mpira unapaa juu ya goli. Kosa kubwa zaidi ninaloliona vibandani ni kushikilia mraba wakati wa kukaba. Mraba unamwita beki wa pili aje kusaidia, naye akija anaacha mtu wake. Mwenzako anabonyeza pembetatu, pasi inapita pale pale palipoachwa wazi, na Adriano wa Inter mwenye nguvu ya shuti 99 hahitaji nafasi mbili. Kabeni na msalaba, na mraba muuguse kidogo tu mpira ukiwa pembeni.

Konami hao hao walioitengeneza, mwaka 2021 walilifuta jina hilo na kutoa eFootball, tarehe 30 Septemba, ikiwa haijaiva: nyuso zimepinda, wachezaji wanapishana ndani ya miili yao. Waliomba radhi haraka, lakini toleo walilolihesabu kuwa la kwanza kamili lilingojewa mpaka Aprili 2022. Inauma, kwa sababu ni mikono iliyokuwa inajua kazi.

Nimalizie na nyinyi mnaotaka kutengeneza, maana najua mmo humu. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi hapa kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akamnunulia kompyuta ndogo, na kijana akawa anatembea mwendo mrefu kwenda kuichaji. Akajifundisha, akatunga gemu iitwayo Salaam, ambayo ndani yake wewe ni mkimbizi unayekimbia na kutafuta maji na chakula. Mwaka 2018 akatunukiwa kwenye tuzo za gemu za The Game Awards huko Marekani. Tazameni alivyolipanga suala la pesa: mchezaji akinunua maji au chakula ndani ya gemu, pesa ilengwe kuwafikia wakimbizi wa kweli. Pesa kwenye gemu inaweza kupangwa hivyo pia.

Mkitaka kuanza, pakueni Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, faili lake halifiki megabaiti 200, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Msianze na mji mkubwa wenye magari na polisi. Mtachoka kabla ya mwezi kwisha. Anzeni na shimo la miraba 10 kwa 20 na maumbo saba. Kwanza lifanyeni tofali moja lianguke, kisha ligeuke, kisha lisipenye ukuta likigeuka, maana hapo ndipo wengi wanakwama: tofali linageuzwa kwanza na ukuta unakaguliwa baadaye. Kagueni kwanza, geuzeni baadaye. Ikifanya kazi, mpeni mtoto wa jirani aicheze bila maelezo, nanyi mkae kimya. Akishindwa, muulizeni ameshindwa kwa nini. Asipojua, rudini kwenye msimbo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na wa Eddy Gordo waanze.